Mwaka Ambao Obedi Alichagua Skrubu

Siku tuliyomzika mume wangu, mzee wa kanisa alisoma wasifu wake kwa sauti nzuri, polepole, kama inavyotakiwa. Alisoma kwamba Obedi alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akafunga ndoa na Nembris wa Kisongo, akajaliwa mtoto mmoja, akaotesha miche ya nyanya na kabichi ambayo nusu ya waliokaa chini ya lile turubai walikuwa wameipanda mashambani mwao. Kati ya ndoa na mtoto alivuta pumzi, akageuza karatasi, akaendelea. Nilikuwa nimekaa mbele, khanga imenifunika mpaka kwenye nyusi, na nikaona mwaka mzima unapita ndani ya ile pumzi. Sikukasirika. Wasifu wa marehemu si mahali pa mambo hayo. Lakini jioni, wageni walipopungua tukabaki jikoni na masufuria, binti yangu aliniuliza baba yake alikuwa anafanya kazi gani kabla yeye hajazaliwa. Nikamjibu, alikuwa fundi wa kompyuta. Akacheka huku machozi hayajakauka, akidhani namtania, kwa sababu baba aliyemjua yeye alikuwa hataki hata kushika simu ya mtu. Sikumcheka na wala sikumweleza. Nilisugua sufuria. Sasa naandika nilichopaswa kumwambia pale.

Tuliishi Tengeru, upande wa juu wa barabara, kwenye vyumba viwili vilivyojengwa ubavuni mwa nyumba ya mama mkwe, katikati ya kahawa na migomba. Chumba cha nje kilipakwa rangi ya buluu ambayo ilikuwa inabanduka, na dirisha lake lilitazama migomba tu, kwa hiyo hata saa sita mchana ndani kulikuwa na mwanga wa kijani, kama uko ndani ya chupa. Mimi nilikulia Kisongo, kwenye nchi ya wazi, ambako mgeni unamwona akiwa bado mbali na unapata muda wa kuchemsha maji. Tengeru mtu alitokea mlangoni ghafla. Ukuta kati yetu na mama mkwe haukufika kwenye bati, na kila kilichosemwa upande mmoja kilivuka kikaanguka upande wa pili. Ila mimi kilinifaa kidogo tu. Mama alizungumza nami Kiswahili, kwa adabu na upole, lakini akija mgeni walihamia Kimeru, na mimi niliyekua na Kimaasai sikuambulia kitu. Nilisikia mkondo mrefu wa maneno nisiyoyajua, na katikati yake jina langu, au neno "kompyuta", limechomoza kama jiwe mtoni.

Obedi alikuwa amejifunza ufundi kwenye duka moja la mjini, kwa mtu aliyeitwa Karimu, na alitaka kufungua chumba cha kuchapa barua na kadi karibu na soko. Kompyuta nzima hatukuiweza. Alikusanya vipande, kimoja mwezi huu, kingine mwezi ule: kasha tupu lililokwaruzika, pawa saplai ya kugawa umeme, diski, kioo cha mtumba, na mazabodi, ile bodi kuu, iliyofungwa kwenye gazeti. Skrubu hazikuja na chochote. Karimu alimpa kopo la maziwa ya unga limejaa skrubu za kompyuta mbalimbali zilizokwisha kufumuliwa, zote zimechanganyika, akamwambia humo zitapatikana zote anazohitaji. Zile jioni za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko nyingi zilizofuata. Tulikula kiburu, ndizi na maharage, tukaondoa sahani, akatandika khanga yangu mezani na kumwaga lile kopo. Alinifundisha. Skrubu yenye meno makubwa yaliyoachana ni ya kufungia kasha, pawa saplai na diski. Yenye meno madogo yaliyobanana ni ya kile kisanduku cha kusomea CD. Zinafanana urefu, zinafanana kichwa, na ukikosea itaingia mizunguko ya mwanzo kama vile imekubali, kisha inakaza. Ukiilazimisha inakula meno ya tundu na hapo hapatashika tena. "Usisikilize macho," aliniambia, "sikiliza kidole." Chini ya mazabodi vinakaa vinguzo vidogo vya shaba, na kila kinguzo lazima kiwe sawa na tundu lake. Kikizidi kimoja, kikagusa mgongo wa bodi, umeme unapita pasipotakiwa na kila kitu kinaungua. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini, na mimi nikapenda jinsi alivyokuwa mwangalifu. Nilijiambia nimeolewa na mtu makini.

Siwezi kusema ilianza lini. Nimejaribu miaka yote hii kuirudisha ile miezi nyuma na kuweka kidole mahali, nikisema hapa ndipo, hapa ningemshika mkono, na kila nikifika naona mtu anafanya kazi yake vizuri tu. Alifunga mazabodi, akaifungua tena kwa sababu skrubu moja ilikuwa na kichwa kipana kuliko nyingine. Nani angemlaumu? Alizipanga kwa meno, kisha kwa urefu, kisha kwa rangi, zile nyeusi mbali na nyeupe. Nilipomwuliza rangi inahusu nini, alinieleza kwa mpangilio, akinitazama usoni, na maelezo yake yalikuwa na mantiki kuliko swali langu. Baadaye alianza kuzilamba. Alisema chuma kibaya kina ladha. Chakula kilipoa. Nilifunika sahani yake, nikaifunua asubuhi ikiwa vilevile, nikampa mbwa kabla mama hajaona. Alipungua mwili mpaka pete ikawa inamchezea kidoleni, lakini macho yake yaling'aa, na aliongea haraka, na alinishukuru kwa kila kitu, hata kwa kumpisha mlangoni.

"Karimu alizichanganya makusudi," aliniambia siku moja nikiwa nachambua mchicha.

"Zilichanganyika zenyewe, Obedi. Ni za kompyuta nyingi."

"Hapana. Humu kuna ambazo si za kompyuta. Zimewekwa zinitazame."

Nilibaki na ule mchicha mkononi. Nje kuku walikuwa wanapekua takataka za kahawa, na mama mkwe alikuwa anaimba huku akifagia. Nilitaka kupiga kelele lakini sikujua nipige kuhusu nini. Ningesema mume wangu ameniambia skrubu zinamtazama? Nilisema tu, "Basi zirudishe kwenye kopo, upumzike," na yeye akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa siyaelewi mambo.

Upande wa pili wa ukuta maneno yaliongezeka. Walikuja shangazi, akaja mama mchungaji, na majirani wenye maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Waliongea kwa sauti ya watu wanaojali. Nilikaa kitandani nikisikiliza jina langu likipita, safari nyingine mara mbili katika sentensi moja, nisijue kama ninahurumiwa au ninashtakiwa. Mwishowe nilimfuata mama jikoni kwake, kwenye moshi, nikamwambia kwa Kiswahili changu kilichokuwa bado kigumu kwamba Obedi anaumwa na tumpeleke hospitali. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Mwanangu si kichaa," alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Akishaingia kule, hata akitoka, ataitwa hivyo mpaka kaburini. Ni uchovu. Kazi yake haijaisha ndiyo maana hapumziki. Ikiisha atalala."

Nilimwamini, kwa sababu nilihitaji kumwamini mtu. Kama lile dude lingefungwa likawaka, labda na yeye angetulia. Nikaenda mjini peke yangu nikamtafuta Karimu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na nilipomaliza kumweleza uchangamfu wote ulimtoka. "Shemeji, mbona hukuniambia mapema?" aliuliza, swali ambalo watu wengi waliniuliza mwaka ule. Alikuja Jumapili baada ya ibada. Obedi alikuwa amelala chumba cha ndani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, amejikunja na viatu miguuni. Karimu alifungua mkoba wake, akatoa skrubu mpya alizokuja nazo, na tukafanya kazi kimyakimya, yeye akifunga na mimi nikimshikia tochi ndani ya kasha. Aliniachia nifunge nyingine. Nilisikiliza kidole. Ziliingia laini, zikakaza zilipopaswa kukaza, na Mungu anisamehe, nilifurahi, nilijiona nina uwezo.

Ilipowaka, feni ikaanza kuvuma na mlio mdogo ukatoka, kioo kikajaa maandishi meupe. Mama mkwe aliyekuwa amesimama mlangoni akapiga kigelegele kilichoamsha kijiji. Obedi akatokea. Alisimama nyuma yetu na lile shati lililokunjamana, akatazama kioo, akatabasamu kama zamani. "Imewaka," alisema. Alimpa Karimu mkono. Alikula, tena aliomba nyongeza ya mchuzi, na mama akaniangalia juu ya kichwa chake kwa macho yaliyosema, unaona? Usiku huo nililala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nilipotoka kukamua nilikuta khanga imetandikwa mezani. Kasha lilikuwa wazi, diski kando, mazabodi imelala juu ya gazeti, na skrubu zote mpya zimepangwa mstari, moja baada ya nyingine, zimegeuza vichwa upande wa ukuta. Obedi alikuwa amekaa mbele yake ametulia, mikono magotini. Hakuwa na hasira. Alinishika kiganja, chake kilikuwa cha moto.

"Nembris, aliyefunga hii alikuwa hajui. Ingekuua wewe. Nimewahi."

Watu wakisikia habari za ugonjwa kama huu hudhani mgonjwa anakuwa mtu mwingine. Mimi lililoniumiza ni kwamba alikuwa yuleyule. Ilikuwa sauti ileile aliyonichumbia nayo. Alikuwa amekesha ananiokoa. Nilikaa chini sakafuni, karibu na miguu yake, ndoo ya maziwa bado nimeishika, nikalia mpaka nikaishiwa, na yeye akanipapasa kichwa akisema usiogope, usiogope, sasa hakuna kitu.

Kuanzia hapo hakuishia kwenye kompyuta. Alifungua redio. Alifungua cherehani ya mama. Katika baridi ya mwezi wa saba, ukungu wa mlimani umeshuka mpaka kwenye migomba, alichomoa skrubu za bawaba za mlango wetu, kwa kuwa hazikuwa zenyewe, na mlango tukauegemeza ukutani. Tuliishi bila mlango. Niliweka blanketi, upepo ukalisukuma. Mchungaji alikuja na wazee, wakaingia kwa kuinamia lile blanketi, wakaomba vizuri na kwa muda mrefu, na Obedi akaomba pamoja nao, akaitikia amina kwa sauti, kisha akamwomba mchungaji amwachie miwani yake, kwa kuwa kwenye mikono ya ile miwani kulikuwa na skrubu mbili ndogo ambazo hakuwa na amani nazo. Mchungaji aliivua. Sijui kama alifanya hivyo kwa upendo au kwa woga. Aliondoka akipapasa njia, mzee mmoja amemshika kiwiko.

Kilichotutoa pale ni mita ya umeme. Nilikuwa natoka bombani, ndoo kichwani, nikamwona Obedi amesimama juu ya kigoda ukutani kwa mama, bisibisi mkononi, mfuniko wa sanduku la mita umeshatolewa. Nilimwita jina. Aligeuka kunijibu, na mkono ule mwingine ukaendelea pale ulipokuwa unaenda. Sikusikia mlio wowote mkubwa, ni kitu kama kofi. Nilimwona ameanguka chini kwenye maua ya mama, amefumba macho, na harufu ya nyama iliyoungua ikanifikia kabla sijamfikia yeye. Alikuwa anapumua. Vidole vyake viwili vilikuwa vyeusi. Mama alitoka, akatazama, akaketi kwenye kizingiti kama aliyekatwa miguu. Mara zote akiwa na uchungu aliongea Kimeru, lakini siku ile aliongea Kiswahili, ili nisije nikakosea kuelewa.

"Mpeleke," alisema. "Mimi siwezi kumpeleka. Mpeleke wewe."

Jirani alitupakia kwenye pikapu yake. Njia nzima Obedi alikuwa ameamka, kichwa chake mapajani mwangu, akiniuliza tunakwenda wapi, na mimi nikimjibu tunakwenda kufunga kidonda. Haukuwa uongo. Walikifunga kweli. Kisha wakatupeleka jengo la nyuma, la wagonjwa wa akili, na hapo ndipo alipoelewa. Hakumpiga mtu kama nilivyoogopa, ila kila aliyemshika alimponyoka. Aliniomba tu, mara nyingi, kwa maneno yaleyale: "Nembris, wasinishike mikono." Muuguzi, dada wa rika langu mwenye jasho usoni, alikuwa na sindano tayari, na wasaidizi wawili walikuwa hawatoshi. Akaniambia bila ukali, "Dada, mshike hapo." Nikamshika. Nilimshika mkono ule mzima, kwa nguvu zangu zote, nikaubana kitandani mpaka dawa ikaingia. Alinitazama tu. Binti yangu akiniuliza ndoa ni nini huwa namjibu mambo ya subira na maombi, lakini ninachokiona kichwani ni ule mkono chini ya mikono yangu unavyolegea.

Miezi iliyobaki ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mama mkwe alipika ndizi, akafunga kwenye sufuria na kitambaa, tukaenda pamoja hadi getini, na pale getini aliketi kwenye benchi la walinzi akanisubiri. Kila safari alisema leo ataingia. Hakuingia. Nikitoka aliniuliza kitu kimoja: amekula? Vile vipande vya kompyuta, kasha na kila kitu, alimwita Karimu akavichukua vyote siku ambayo mimi sikuwepo, na alileta fundi seremala kurudisha mlango wetu, akasimama hapo mpaka ukakaza. Ndani ya wodi Obedi alikuwa mzito, ulimi umevimba, mate yakimtoka pembeni, mikono ikitetemeka kwa sababu ya dawa. Nilimlisha kwa kijiko kama mtoto. Nilimwuliza daktari kwa nini. Alikuwa kijana mwenye haya, akaniambia neno refu, akaniambia si kosa la mtu, si uchawi, si kazi, si kompyuta. Nilitamani aseme ni kosa la mtu. Ningekuwa na pa kwenda.

Walimruhusu kabla ya Krismasi. Alitoka na shati lililomzidi na mfuko wa dawa, akasimama nje ya geti akikunja uso kwa jua. Mama alikuwa nyumbani anatuandalia, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Alisema ana njaa. Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, na sikuwa nimeyasikia kutoka kwake tangu masika. Tuliingia kwenye mgahawa mdogo kando ya barabara, wenye meza za plastiki na kalenda ukutani, na nikaagiza bakuli moja la mtori wa ndizi, kwa kuwa nilichotaka mimi ni kumtazama akila. Alikula kwa mkono unaotetemeka, mtori mwingine ukimwagikia kidevuni, akajifuta mwenyewe. Bakuli lilipokaribia kwisha alisimamisha kijiko.

"Nembris. Itarudi?"

Ilirudi. Ilirudi binti yetu alipokuwa anajifunza kutembea, ikarudi alipokuwa shule ya msingi, na tena mara moja baadaye, na kila ilipokuja ilikuwa na sura nyingine, na kati yake tulipata miaka mizuri, vitalu vya miche vimejaa mpaka njiani, na yeye akipuliza filimbi asubuhi akimwagilia. Lakini pale mezani hayo yote yalikuwa hayajatokea. Nilikuwa na majibu mengi tayari, ambayo watu walinipa mwaka mzima: Mungu ni mwema, umeshapona, usiwaze hayo. Nilimtazama usoni, ule uso uliokonda, nikaona ananisubiri kwa dhati.

"Sijui, Obedi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyesimama muda mrefu akapewa kiti. "Hata mimi sijui," alisema. Kisha akamwita yule binti wa mgahawa, akaomba bakuli lingine, na kijiko kingine, akasogeza vikombe pembeni ili nipate nafasi ya kula.